Ego Kumi na Moja

Gari lile lilinunuliwa kwa ndizi. Miaka tisa nilikuwa nakusanya mikungu Kishanda, mmoja kwa huyu, miwili kwa yule, naipeleka Kemondo kwa wachuuzi wa bandarini. Miguu ilipoanza kuvimba nikasema basi, sasa tununue kigari cha mzigo. Fedha niliitoa mimi, imefungwa kwenye kitenge. Mume wangu Gamaliel alitoa leseni ya udereva na shati safi.

Siku ya kwenda kuandikisha aliniambia nibaki nyumbani.

"Kusaini hujui, Mama Evodia. Utatuchelewesha pale dirishani. Tuandike jina langu, kwani gari si letu sote?"

Nikaona ni kweli. Mimi sikupelekwa shule. Kusoma nilijifunza ukubwani, silabi kwa silabi, kwenye kitabu cha nyimbo cha kanisani kwetu, na kuandika mpaka leo kunanitoa jasho. Basi kadi ya gari ikawa na jina moja. Gari lenyewe, Probox nyeupe, likawa linabeba ndizi zangu, na yeye barabarani akawa anaitwa tajiri.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilimkuta asubuhi amelipiga sabuni mpaka chini ya mazulia. Kamba zangu na turubai alikuwa amezitupa kwenye migomba. Analizunguka na simu, anapiga picha mbele, nyuma, matairi, mpaka usukani.

"Unalipeleka harusini?" nikamuuliza.

"Kitu kizuri hupigwa picha."

"Mimi mbona hujawahi kunipiga?"

"Sogea kwanza, unaingia kwenye picha."

Nikasogea. Hata nilicheka. Sikujua kwamba picha zile zinakwenda Dar es Salaam, kwa kampuni inayonunua magari kwa njia ya mtandao. Unawatumia picha, wanakutajia bei, mtu wao anakuja kukagua, unalipwa siku hiyohiyo. Hayo niliyajua baadaye, nilipokuwa sina haja ya kuyajua.

Kesho yake aliniteremsha Kishanda, akaniambia atanifuata saa tisa. Nilikuwa shambani kwa mzee mmoja, tunabishana juu ya mkungu wenye vidole vyembamba, simu ikaita. Namba ngeni. Sauti ya binti, Kiswahili laini cha huko Pwani.

"Shikamoo mama. Naitwa Rahima. Naongea na Bi. Adventina, mke wa Bwana Gamaliel?"

"Marahaba. Ego, ndiye mimi."

Akaanza kusoma. Nasema kusoma kwa sababu mtu anayeongea hupumua. Alisema kwa mujibu wa masharti, alisema mali ya pamoja, alisema chombo tajwa hapo juu. Mimi nilikuwa na kisu mkono mmoja na utomvu wa mgomba mkono wa pili, simu nimeibana kwa bega. Kila alipovuta pumzi nilisema, "Ego." Akiendelea, "Ego, waitu," ndiyo ya heshima ya Kihaya. Kwetu ndivyo tunavyosikiliza. Mtu akizungumza nawe ukanyamaza kimya, umemtukana. Atadhani umemwacha anaongea na ukuta. Unamwitikia ajue upo, mpaka afike mwisho, ndipo useme lako.

Mwisho ulipofika hakuniachia nafasi. Alisema, "Asante sana mama, na hongera," akakata.

Hongera ya nini? Nilikuwa sijaosha hata mikono ujumbe ukaingia. Niliusoma nimekaa juu ya mikungu. Ri-dha-a ya-ko. Ridhaa yako ya kuuza gari imepokelewa. Ukaguzi na malipo saa nane mchana, Bukoba mjini. Wakataja na uwanja, ule wa kuoshea magari nyuma ya kituo cha mafuta. Nilimpigia Gamaliel. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Ndizi niliziacha palepale kwa mzee. Pikipiki ilinifikisha Muleba, basi dogo likanifikisha mjini, na saa nane kasoro nilikuwa naingia uwanjani na matope yangu ya Kishanda. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki. Kijana mnene mwenye fulana ya kampuni alikuwa amelala chini yake na tochi. Huyo ndiye Kagaruki, mkaguzi wao. Gamaliel amesimama pembeni na koti lake la ibada.

"Ta Gamaliel," nikasema, "ndizi zangu zitapanda nini?"

Aliangalia kwanza wale waosha magari kama wanasikia. "Mambo ya nyumbani tutayaongelea nyumbani."

"Gari liko nyumbani?"

Kagaruki akatoka chini, akajifuta. "Shikamoo Ma Adventina. Kuna shida? Mbona ulishakubali?"

"Nimekubali lini?"

"Imerekodiwa, mama. Kampuni hainunui gari la mume bila mke kukubali." Akabonyeza simu yake, akaiweka juu ya boneti.

Sauti ikatoka. Ya binti haikusikika vizuri, lakini yangu ilikuwa wazi kama niko kisimani. Ego. Ego, waitu. Ego. Waosha magari wakaacha ndoo zao. Mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole, wenzake wakamsaidia kwa sauti. Zilifika kumi na moja.

"Umesikia?" Gamaliel akasema, na sasa hakujali nani anasikia. "Kumi na moja! Hata siku ya harusi ulisema moja tu."

Wakacheka wote. Mimi nilingoja wamalize.

"Siku ya harusi niliulizwa, nikajibu. Leo nilikuwa nasikiliza."

Kagaruki alicheka kidogo, kisha akaacha. Alijikuna shingo. "Huyu mama anasema kweli. Mama yangu yuko Rubafu. Ukimpigia ukamwambia nyumba inaungua, ataanza na ego, ndipo apige yowe."

"Wewe kagua gari," Gamaliel akamwambia.

"Nakagua, mzee. Lakini nikilibeba halafu mama akaenda kushtaki, mshahara unaokatwa ni wangu." Akampigia Rahima, akaweka sauti ya nje.

"Ego ni nini?" binti akauliza.

"Ni ndiyo," Kagaruki akasema. "Lakini si ndiyo."

"Kaka, nina kisanduku kimoja tu hapa. Ndiyo au hapana. Mama, unanisikia? Nakuuliza kwa Kiswahili. Unakubali gari liuzwe, au hukubali?"

Gamaliel alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya gari kwenye koti lake. Akaniambia kwa Kihaya, taratibu, kama mtu anayeomba maji, nisimvue nguo mbele ya watu. Miaka ishirini na sita sikuwa nimemkatalia neno mbele ya mtu. Ulimi ulikuwa umeshajipanga kusema lile neno la kila siku.

"Sikubali," nikasema.

"Asante mama. Nimesitisha."

Ikawa imekwisha. Kagaruki alishusha jeki. Gamaliel aliingia garini akaondoka peke yake. Mimi nilirudi na basi. Njiani, nakiri, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nalisema neno lile kimoyomoyo, sikubali, sikubali, kama mtoto aliyepewa kiatu kipya.

Furaha hiyo ilidumu siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na tatu alikuja Aroni, mfanyabiashara wa samaki wa Kemondo, pamoja na shemeji yangu na jirani mmoja. Nilidhani ni mambo ya kanisa. Niliwapelekea chai. Mara ya pili nilipoingia na sukari, nikaona karatasi ya daftari mezani na kalamu juu yake, na kadi ya gari imefunguliwa. Shemeji alikuwa anasaini ushahidi.

Nikaweka sukari chini. Nikasema kwa sauti ileile ya Bukoba, "Sikubali."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Aroni alikoroga chai yake, akasema kwa upole kabisa, "Ma Adventina, hapa kwenye kadi wewe hupo."

"Fedha ilikuwa yangu. Muulize."

"Mimi sikuja kuuliza, dada yangu. Nimekuja kununua."

Gamaliel hakuinua macho. Aliniambia, "Chai imepoa, ongeza moto." Gari likatoka uani likipita juu ya kamba zangu. Nilikwenda kwa mchungaji, akaniambia nizungumze na mume wangu kwa lugha ya upole. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaniuliza kama nina karatasi yoyote. Muleba mjini kuna nyumba ya bati jipya la bluu, na mwanamke aliyemo ndani yake ni mdogo kuliko binti yangu Evodia. Bati lile mimi nalijua lilikotoka. Sasa ndizi zangu zinapanda pikipiki, mikungu minne kwa safari, na Probox inanipita pale njia panda ya Kemondo ikinuka dagaa.

Mwezi uliofuata nilikuwa hapo njia panda nangoja pikipiki, simu ikaita. Ile sauti laini.

"Shikamoo mama Adventina, ni Rahima. Tunafuatilia huduma tuliyokupa. Kwa kipimo cha moja hadi tano, uliridhika kiasi gani?"

"Binti, gari limeuzwa."

Nikasikia anabonyeza vitu vyake. "Hapana mama, kwetu linaonekana lilisitishwa."

"Kwenu, ndiyo. Kwingine hawakuniuliza."

Huyo hakujua kuitikia. Halafu akasema, "Pole sana mama," na safari hii hakuwa anasoma. "Lakini nisipojaza namba, ukurasa haufungiki. Niandike ngapi?"

"Ninyi mliniuliza, nikajibu. Andika unavyojua wewe."

Akasema ataandika tatu. Sikujua kama tatu ni nyingi au ni chache, na sikumuuliza.