Mama alitoa gemu langu la kaseti kama sadaka ya mavuno, nikalikuta linanadiwa nje ya kanisa

Wakuu, shikamooni wakubwa, na nyie wa rika langu mambo vipi.

Ninachoandika hapa sijakitia chumvi. Mashahidi wangu ni kigango kizima, wakiwemo waliocheka mpaka wakakaa chini.

Mimi ni fundi simu, niko Ifakara, Kibaoni. Naishi na mama. Umri wangu siutaji, maana mama ameshawatajia majirani vya kutosha.

Hobby yangu ni TV game za kaseti. Zile za 8-bit, pad mbili za waya, kaseti unaipuliza kwanza ndo inawaka. Nazikusanya. Nikisikia kuna mtu kijiji cha Kisawasawa anayo mbovu juu ya dari, napanda bodaboda naifuata. Chumbani zimejaa mpaka kitanda kimebanwa ukutani.

Baadaye kukusanya tu kukanichosha, nikaingia kwenye homebrew. Yaani unaandika gemu lako mwenyewe, kwa mashine ambayo hata walioitengeneza wameshaisahau. Tena kwa Assembly, wakuu, lugha ya mashine yenyewe. Ukikosea kidogo tu TV inakuonyesha maua kama kanga. Nimelia machozi ya kweli kwa ajili ya ndege mmoja aliyekuwa anaruka kinyumenyume.

Gemu langu linaitwa KUAMIA.

Mliokulia kwenye mpunga mmeshaelewa. Mpunga ukianza kukomaa ndege wanashuka kwa makundi, lazima mtu akae shambani kutwa nzima awafukuze. Huko ndiko kuamia. Kwenye gemu wewe ni mama mwenye kitenge, unakimbia kwenye majaruba ya mpunga, ukibonyeza B unapiga kelele na ndege wanatawanyika.

Sasa ile kelele ni sauti ya mama yangu mzazi. Nilimrekodi kwa simu tukiwa shambani, yeye hajui. Chip ya kaseti ina nafasi ndogo sana, kwa hiyo yaliingia maneno machache tu, tena yamebanwa mpaka anasikika kama yuko ndani ya debe: "Wezi nyie! Tokeni!"

Nilipomaliza tu gemu, umeme ukakatika, ukarudi na hasira. Laptop ikafa na kila kitu. Backup? Usiniulize.

Hapo KUAMIA ikabaki sehemu moja tu duniani: kwenye chip ya ile kaseti, kaseti imechomekwa kwenye mashine, mashine iko ndani ya boksi la biskuti, boksi liko chini ya kitanda. Nilikuwa nasubiri jamaa aniazime laptop ili nilinyonye gemu kutoka kwenye chip. Kazi ya miezi na miezi, wakuu, imelala kwenye boksi la biskuti.

Mama alikuwa anauliza kila akifagia, "Beno, na hiki nacho ni nini?"

Namjibu, "Vitu vya kompyuta, mama."

Ikaja Jumapili ya mavuno. Kwa wasiojua, siku hiyo waumini wanapeleka mazao altareni, maboga, mpunga, kuku, halafu baada ya misa vinanadiwa nje ya kanisa. Jumapili ya kabla yake Padri alikuwa ametuhubiria kwamba tusitoe mabaki, tutoe kinachouma.

Basi niko zangu kwenye benchi, kwaya imepamba moto, akina mama wanapanda na matoleo huku wanacheza. Namuona mama. Kitenge kipya, mabega yanakwenda na ngoma, na kichwani ana boksi la biskuti.

Nikajiambia maboksi ya biskuti ni mengi mjini. Halafu nikaona waya wa pad unaning'inia nyuma ya sikio lake.

Ungefanya nini? Huwezi kupiga yowe katikati ya misa. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena, jirani yangu akadhani nimejazwa na Roho akanishika mkono kwa upendo kabisa.

Tulipotoka nje nikamvamia. "Mama, umetoa mashine yangu?"

"Padri kasema tutoe kinachouma."

"Sasa wewe kinakuuma nini?"

"Mimi hakiniumi. Kinakuuma wewe. Nimekutolea."

Nikakimbilia kwa katekista, ambaye ndiye mnadi wetu. Nikamweleza kwamba pale pametokea makosa. Akanitazama kwa huruma ya kichungaji. "Kijana, hiki kimeshapita altareni. Sasa hivi ni cha Mungu. Ukikitaka, nunua kama wenzako."

Nikataja chote nilichokuwa nacho mfukoni. Nikasikia sauti nyuma yangu inaongeza.

Mzee Salumu. Huyu ana duka ng'ambo ya barabara, watu wake wametokea pwani. Ni Mwislamu safi, lakini mnada wa kanisa haujawahi kumpita, anasema kuku wa Wakatoliki wana nyama. Mimi nimeshataja mpaka pesa ya vocha, yeye anaongeza huku anakuna ndevu.

Halafu akainua mkono. "Ila mie sinunui kitu kisichowashwa. Kiwasheni nikione."

Ikaletwa TV ya ukumbini, na jenereta ya kwaya. Katekista, kwa nia njema kabisa, akasogeza maiki kwenye spika ya TV ili wote wasikie. Akashika pad. Akabonyeza B.

"WEZI NYIE! TOKENI!"

Wakuu, spika za kwaya yetu zinasikika mpaka sokoni. Waliokuwa wamekaa mbele pale ni wazee wa kigango, walezi wa mfuko wa kanisa. Mmoja akasimama kweli akataka kutoka.

Katekista akachanganyikiwa, akabonyeza tena ili anyamazishe. "WEZI NYIE! TOKENI!" Akabonyeza kwa nguvu zaidi.

Mtu akasema, "Jamani, si Mama Beno huyo?" Uwanja ukalipuka. Padri akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Mama amejiziba mdomo kwa kitenge, ananiangalia mimi, halafu TV, ambako kuna kimama kidogo chenye kitenge kinakimbiza ndege.

"Beno, yule ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

Mzee Salumu akapandisha bei papo hapo. "Hiyo naitaka! Nitaiweka dukani. Mtu akija kukopa nabonyeza tu."

Mama akashusha kitenge. "Sauti yangu ikafukuze watu dukani kwako, Mzee Salumu?"

"Si umeshaitoa kwa Mungu, shemeji? Mie nanunua kwa Mungu."

Mama akageuka. Akaondoka. Nyumbani kwetu ni karibu, na aliporudi alikuwa amembeba Diwani.

Diwani ni jogoo. Mama alimwita hivyo kwa sababu anaongea sana na hakuna anachofanya. Mwekundu, mkubwa, anamfuata mama hadi kisimani. Krismasi tunakula maharage na Diwani anapita mlangoni. Mzee Salumu amemuomba kwa ajili ya mbegu mpaka amechoka, mama anamjibu bora aombe apewe Beno.

Akamweka mbele ya katekista. "Nabadilisha sadaka. Chukueni huyu, nirudishieni lile boksi."

Katekista akamtazama Padri. Padri akajifuta macho. "Mama, na huyu anakuuma?"

"Huyu ananiuma, Baba." Akampapasa mgongo.

"Basi imepokelewa."

Mzee Salumu alilisahau gemu mara moja. Akamnunua Diwani bila mtu kuthubutu kushindana naye.

Funzo nililopata: weka backup, halafu mama akiuliza "hiki nacho ni nini," acha kila kitu, washa, muonyeshe. Siku hizi kila jioni anacheza KUAMIA, na anawatukana wale ndege kwa maneno mengine ambayo chip isingeyaweza.

Lakini kuna jambo limenileta hapa. Kila alfajiri Diwani anawika ng'ambo ya barabara kwa Mzee Salumu, na mama anasimamisha ufagio mpaka amalize. Juzi akaniuliza taratibu, "Hivi na jogoo anaweza kuingia humo kwenye gemu?"

Laptop ya kuazima nimeshaipata, nikaenda kumrekodi. Nimejaribu kumbana kila namna, haingii. Chip imejaa. Ili Diwani awike, lazima nikate sauti ya mama.

Nikamwambia ukweli. Akafikiri, akaendelea kuchambua mchele wake.

"Nikate mimi," akasema.

Wakuu mnaojua kubana sauti kwenye 8-bit, nisaidieni hapo chini. Sitaki kumkata yeyote.