Siku Niliyomshindia Mzee Elirehema Drafti

Mimi ni mtu mzima, nina maduka matatu ya matairi hapa Arusha na nyumba ya ghorofa Engutoto, na nilipewa kazi ya kusogeza vizibo vya soda, kazi ya mtoto, nikashindwa. Sasa hivi nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia na viatu vyangu.

Shule sina (niliishia darasa la nne, na nusu yake nilikuwa machungani), nilianza maisha na kisu na tairi bovu, nakata katambuga, viatu vya matairi, nje ya gereji ya Singasinga mmoja, na ndani walikuwepo mafundi wawili, Elirehema Mmeru na Lomayani Mwarusha, na kila saa saba mchana wale wawili wanafuta mikono kwa mafuta ya taa, wanatoa ubao wa drafti, gereji nzima inasimama, hata Singasinga mwenyewe anaacha hesabu zake aje aone nani analiwa leo. Elirehema alikuwa mkali kuliko wote, ila alikuwa na tabia moja: mchezo ukianza tu anatoa kizibo chake kimoja kiliwe bure. Anakiita sadaka. "Chukua sadaka, ushibe," anasema, Lomayani anakula huku anatukana, na mchezo unakwenda mpaka chai ya saa kumi. Ile harufu ya grisi na chai ya tangawizi, mpaka leo nikifungua duka naitafuta.

Miaka ikapita. Lomayani akarudi kwao Oldonyo Sambu, magoti yamekwisha, masikio nayo yanakwenda. Elirehema akafiwa na mke, watoto wako mbali, akaishia kwenye nyumba ya wazee ya masista, huku upande wa Makumira. Yaani mlima mzima umewakalia katikati. Nilipokwenda kumwona nilikuta mtu anatazama ukuta, chakula hali, na kiharusi kimemwachia sauti ya kunong'ona tu. Nikasema hapana, mimi ni mtu wa vitendo. Nikachongesha mbao mbili zenye namba kila chumba, mmoja kwake, mmoja Oldonyo Sambu, na kila Jumatano naenda na simu yangu kubwa (bei yake sisemi). Mzee ananong'ona, mimi napaza, "Tisa inakwenda kumi na tatu!", na kule mkwe wa Lomayani anamwambia mzee wake sikioni. Wiki ya tatu Elirehema akaanza kumaliza uji. "Jumatano ndiyo dawa yake," sista akaniambia, na mimi nikatamba mji mzima.

Kutamba huko ndiko kuliniponza. Jumatano moja nikaja na wafanyabiashara wenzangu wanne, waone wema wangu. Mzee akaninong'oneza, "Toa sadaka, ishirini na mbili," halafu kidevu kikaanguka kifuani, usingizi. Nikaangalia ubao. Nikaangalia wageni. Mmoja wao, muuza mbao, akacheka: "Kumbe umetuita tuje kuona mnavyofungwa?"

Jamani! Nikasogeza kingine. Halafu kingine. Nikamwacha mzee alale, nikacheza mwenyewe, nikala vitatu kwa mpigo, nikapata kingi, dakika kumi nimemaliza, napiga kelele kwenye simu, "Mwambieni mzee leo kanyolewa!" Kisha simu ikakatwa. Nikasema huo ni wivu. Mzee alipoamka nikamwambia mtandao umesumbua (uongo juu ya uongo).

Kesho yake saa nne sista akanipigia: "Baba, njoo haraka, kuna msiba hapa na sisi hatujui ni wa nani."

Nikakuta pikapu mbili, kina mama wamejifunga khanga wanalia, masufuria chini, beberu kafungwa getini, na mbele yao Lomayani, shuka begani, kashikwa huku na huku na wanawe. Nikainamisha kichwa anibariki kwa mkono, desturi ya kwao. "Shikamoo, mzee."

Hakunigusa kichwa. "Wewe wa katambuga, mmemzika wapi?"

"Nani, mzee?"

"Elirehema! Tangu gereji hajawahi kucheza bila kutoa sadaka, hata akiwa na malaria. Aliyecheza jana si yeye. Na sauti yake sijaisikia hata siku moja, naletewa yako tu. Ningepiga simu mngenidanganya tena, ndiyo maana nimekuja. Unachezea vizibo vya marehemu ili uonekane, wewe?"

"Tumbo lote hilo, aibu hana," mama mmoja akasema.

Mlango ukafunguka, sista anasukuma kiti cha magurudumu, Elirehema juu yake kanyoosha shingo. "Nani amekufa?" akanong'ona.

Sufuria likaanguka. Lomayani akawaponyoka wanawe, na magoti yale yale mabovu akatembea peke yake mpaka kwenye kiti, akamshika mwenzake uso kwa mikono miwili, anamtukana kwa Kimaa, machozi yanatiririka.

Ikabidi niseme kweli, mbele ya masista, waombolezaji na wazee wote waliotoka vyumbani kuangalia.

"Ulishinda kwa jina langu?" Elirehema akauliza.

"Ndiyo, mzee. Nilitaka ushinde."

Akanivuta shati mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake. "Nani alikwambia nataka kushinda? Nikitoa sadaka, mchezo unakuwa mrefu. Mchezo ukiisha, simu inakatwa."

Nikaenda getini kumfungua beberu.

Beberu hakurudi Oldonyo Sambu. Tulimchoma palepale, nimekata nyama mwenyewe (kwa kisu bado mimi ni fundi), na wale wawili wakakaa na ubao. Elirehema akasukuma kizibo chake, Lomayani akala, akatukana, wakaenda mpaka masista walipoleta chai ya saa kumi, ya tangawizi, na kwa kitambo kidogo nikajiona nimeketi nje ya gereji, tairi magotini, sina kitu na sidaiwi sifa na mtu.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi namzungusha Lomayani mlima kwa gari langu, aje acheze na mwenzake uso kwa uso. Jumatano nyingine nabaki mdomo wa kukodi: nikiambiwa ishirini na mbili, nasema ishirini na mbili, hata Arusha nzima iwe imesimama nyuma yangu inacheka.