Fimbo za Muthama wa Matinyani

Mgeni aliyepita karibu na boma la Muthama kule Matinyani, akasikia tupa ikikwaruza mbao, alidhani hapo pana mchonga vinyago, maana wachongaji Ukambani si haba. Akichungulia kibandani alikuta vitu mfano wa viatu vidogo vya mbao vimening'inia kwenye waya, vinang'aa vanishi, na mwenyewe ameinama juu ya jiriwa, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Vile vilikuwa vichwa vya fimbo za gofu. Muthama hakuwahi kuupiga mpira wa gofu hata mara moja, wala hakutamani.

Kazi alijifunzia Nairobi, kwa Mskoti mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza fimbo za Wazungu wenzake zilizovunjika. Aliingia pale kufagia, akatoka fundi. Uhuru ulipokuja, yule mzee akafunga mizigo kurudi kwao, akamwachia Muthama jiriwa, tupa na vichwa vichache vya kuigia. Muthama akarudi Kitui, akamwoa Nzilani, akaanza kutafuta mti wa kufaa. Mpingo aliujaribu akauacha, ulikuwa mzito mno. Mwishowe alitulia kwenye muuku, mti unaoota vilimani penye mawe, wenye mbao za rangi ya manjano, ngumu lakini si nzito, na hazipasuki zikikaushwa polepole.

Hapo kwenye kukausha ndipo palipokuwa na kazi. Vipande alivipanga darini, juu ya meko ya Nzilani, moshi ukavipitia mvua za vuli na za masika mpaka vikawa vikigongwa vinalia kama chungu kizima. Kabla ya hapo hakuvigusa.

Mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, Kang'ethe, mtu wa Kiambu aliyekuwa na duka la vifaa vya michezo Nairobi. Hakuwa mkarimu, wala hakuwa dhalimu. Alimletea Muthama mipini ya chuma iliyotoka ng'ambo, Muthama akaitia vichwa, na fimbo zikauzwa kwa jina la duka. Ila Kang'ethe hakuwa na haraka. Kila kichwa alikigonga kwa kifundo cha kidole, akakinusa shingoni, akakiweka kwenye rafu ya nyuma mwaka mzima ndipo akakitoa mbele ya wateja. Vilivyofanya ufa alivirudisha Matinyani ndani ya gunia. Muthama aliuchukia ujio wa gunia lile. Aliona ni dharau, mtu asiyejua kushika patasi kumrudishia kazi.

Mambo yakaenda hivyo hadi miaka ya sabini ikamalizika. Kisha siku moja Muthama alikwenda Makueni kumzika shangazi yake, na wakati wa kurudi akapita kando ya klabu ndogo ya gofu karibu na barabara ya Mombasa. Ulikuwa uwanja wa nchi kavu, nyasi zake kahawia karibu mwaka mzima, na pale kwenye mashimo walimwaga mchanga na oili chafu badala ya kuotesha nyasi. Muthama akasimama penye ua. Mtu mmoja mrefu alikuwa anapiga, na fimbo aliyoishika, Muthama aliijua kama anavyojua viatu vyake.

Akamngoja amalize, akamsalimia kwa Kikamba, akamwambia fimbo ile ameichonga yeye. Yule bwana aliitwa Kilonzo, mzaliwa wa Kitui, mhasibu wa kampuni moja Nairobi. Alicheka kwanza. Muthama akamweleza mbao ilikotoka, na jinsi risasi iliyoyeyushwa ilivyomiminwa ndani kuipa uzito, kisha akamwambia kwamba fimbo hiyo imekuwa fupi kwake, ndiyo maana anajikunja kama mtu anayechimba viazi.

"Ningekujua," Muthama akasema, "ningekutengenezea ya kimo chako."

"Sasa umenijua," Kilonzo akajibu.

Ndivyo ilivyoanza. Kilonzo akaleta rafiki, rafiki akaleta mwenzake. Magari madogo yakaanza kuteremka Matinyani siku za Jumamosi, na Nzilani akawa anatoa viti nje na kuchemsha chai. Muthama aliwapima mikono kwa kamba, akawaambia wasimame kama wanavyosimama uwanjani, akatazama viganja vyao. Akamwomba mhunzi amtengenezee chuma chenye herufi, akakitia motoni, akaanza kuchapa jina lake kwenye kila kichwa. Siku ya kwanza binti yao Kasyoka alilisoma jina la babake kwa sauti, na Nzilani akakishika kile kichwa muda mrefu kabla hajakirudisha.

Kang'ethe alipopata habari alikuja mwenyewe. Hakugomba. Alikunywa chai, akamwambia Muthama kwamba hawezi kumletea mipini ili naye akauze kwa wateja wa duka lake, na hilo Muthama alilitarajia. Lakini alipokuwa anainuka Kang'ethe aliongeza neno.

"Mbao zako mimi nilikuwa nazikalisha mwaka mzima. Sasa nani atazikalisha?"

Muthama aliyachukua yale kuwa maneno ya mtu mwenye wivu.

Mipini akaanza kuipata kwa makedi, wale wanaobeba mifuko ya wachezaji, ambao walimkusanyia fimbo kuukuu zilizotupwa. Mwaminifu kuliko wote alikuwa Jonah, kedi wa klabu ile ile ya Makueni. Jonah alikuwa mwana wa pekee wa mjane aitwaye Kalunde wa Ikutha, kijana aliyekwisha kupeleka mbuzi wa kwanza wa mahari kwa wakwe. Kila alichomletea Muthama alimweleza kimetoka kwa nani, na asipojua hakuleta.

Ikaja njaa ya themanini na nne. Watu waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa nikiwa nimeshika, kwa kuwa mtu aliweza kuwa na pesa mkononi na asipate cha kununua. Mifugo ilikufa njiani ikipelekwa Mwingi. Watu wakageukia makaa, na vilima walivyovijua vikiwa na miti ya muuku vikabaki visiki. Dari ya Nzilani ikawa tupu, isipokuwa kipande kimoja ambacho Muthama alikipata kwa mchoma makaa, na ambacho hakikuwa kimekaa juu ya moshi hata msimu mmoja.

Ndipo Kilonzo alipokuja kutaka fimbo kubwa mpya, ya kupigia pigo la kwanza. Klabu ilikuwa na mashindano. Muthama akamsihi angoje. Kilonzo akasema kungoja hawezi, na kwamba wenzake wameshaanza kuzungumzia fimbo za vichwa vya chuma zinazotoka Amerika, ambazo hazihitaji kungojewa. Aliyasema bila ubaya, akaenda garini, akarudi na mfuko wa unga wa mahindi ya manjano, akampa Nzilani.

Muthama alikiteremsha kile kipande. Alikigonga, kikatoa sauti nzito, ya kitu chenye maji ndani. Akakiweka karibu na moto siku kadhaa, akakigonga tena, akajiambia sauti imebadilika. Halafu akakichonga. Kilikuwa kizuri sana kwa macho. Akakichapa jina lake.

Siku ya mashindano Jonah alikuwa ametangulia mbele kidogo, kando ya njia, ili auone mpira utakapoangukia. Kilonzo akapiga kwa nguvu zake zote. Fimbo ikakatika shingoni, mpira ukaenda huku na kichwa kikaruka kule, kikampata Jonah jichoni. Waliomkimbilia walisema hakupiga kelele. Aliketi chini, akauliza kama mpira umeonekana.

Muthama aliitwa klabuni siku chache baadaye. Jonah alikuwa amelazwa katika zahanati ya karibu, amefungwa bandeji, na hapakuwa na daktari wa macho. Chumbani walikuwepo mwenyekiti wa klabu, katibu wake na Kilonzo. Vipande viwili vya fimbo vilikuwa mezani juu ya gazeti. Katibu akaeleza kwamba makedi wana tabia ya kulowesha fimbo kwenye ndoo ili zitakate, na kwamba inaonekana Jonah aliiacha hii majini. Kama ni hivyo, kosa ni la kedi mwenyewe. Walichotaka ni fundi athibitishe.

Kilonzo alimvuta Muthama dirishani, akasema naye kwa Kikamba, sauti chini.

"Sema ni maji, mzee. Jonah nitampeleka Nairobi mimi mwenyewe, kesho, kwa daktari ninayemjua. Lakini nikionekana nilimpiga mtu kwa fimbo mbovu, wakubwa wangu kazini hawataniacha salama."

Muthama alirudi mezani akakiinua kichwa. Pale kilipokatikia mbao ilikuwa bado na ule weupe wenye ukijani wa mti mbichi katikati. Akamfikiria Jonah, ambaye hakuwahi kumletea kitu asichojua kilikotoka, ataamka na kuambiwa kwamba jicho alijitoboa kwa uzembe wake, na kazi hana.

"Si maji," akasema. "Mbao ilikuwa mbichi. Niliitoa kabla ya wakati wake, na nilijua."

Kisha mwenyekiti akashusha pumzi, na Muthama akaona kwamba mtu yule amefurahi. Akasema basi jambo limekuwa wazi, si la klabu na si la mchezaji, ni la fundi, na jina la fundi limechapwa hapo. Kilonzo akatoka bila kumwangalia. Ile safari ya kesho haikuwepo tena.

Muthama alitoka pale akaanza kutafuta gari la kumpeleka Jonah Nairobi. Ng'ombe waliobaki walikuwa mifupa, hakuna aliyewataka. Aliuza jiriwa ya Mskoti na tupa zote, akauza na kitanda. Yote hayo yakala wiki baada ya wiki. Walipofika hospitalini, daktari aliyafungua macho ya Jonah, akayachunguza, kisha akamwita Muthama kando. Alimweleza kwamba jicho lililoumizwa lingeondolewa mapema, lile jingine lingesalimika. Sasa ugonjwa ulikuwa umehamia upande wa pili. Walijaribu dawa. Mwaka ule ulipokwisha, Jonah alikuwa haoni mwanga wa taa iliyowekwa mbele ya uso wake.

Muthama alipomweleza Nzilani, Nzilani alikuwa anapepeta mahindi. Hakuacha.

"Baba Kasyoka," akasema, "ungesema maji, angekuwa na jicho moja."



Mvua iliponyesha Muthama alikwenda Ikutha. Kalunde, mamake Jonah, alikuwa amekwisha kurudishiwa mbuzi na wale wakwe, kwa adabu zote. Alimkaribisha Muthama kiti, akamuuliza jambo moja tu.

"Ulijua?"

"Nilijua, mwaitu," akajibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwonyesha shoka. Alitaka nguzo zichimbiwe kutoka mlangoni hadi chooni, na nyingine hadi kwenye kivuli cha zizi, zifungwe kamba, ili mwanawe asiwe anaongozwa kama mtoto. Muthama alikata miti, akachimba hadi jioni. Jonah alikuwa ameketi ukutani, akisikiliza.

"Walitaka kusema niliilowesha?" akauliza mwishowe.

"Walitaka. Nilikataa."

"Sikuilowesha."

"Najua."

Jonah alipapasa ardhi, akaokota kijiti, akakivunja vipande vipande. "Nashukuru kwa hilo," akasema. "Lakini kuna siku naona afadhali ungenyamaza. Sijui, mzee. Siku nyingine naona hivi, nyingine vile."

Muthama akaendelea kufunga kamba.

Hakuchonga tena fimbo. Hata angetaka, hapakuwa na mchezaji wa kumletea. Habari zilikwisha kufika viwanjani kote, na miaka michache baadaye vile vichwa vya chuma vikajaa hata katika duka la Kang'ethe. Muthama alitengeneza mipini ya majembe na michi, akaiuza sokoni Matinyani, kazi ambayo mtu hakagui mara mbili. Kila mvua ilipokaribia alipanda basi la Ikutha akamlimia Kalunde shamba. Watu wa kule walidhani ni ndugu. Jonah alijifunza kusokota kamba za katani, akawa anaziuza siku ya mnada wa mifugo, akiwatambua wateja kwa sauti zao. Muthama naye Jonah alimtambua vilevile kwa sauti, akamsalimia vizuri kila mara, lakini hakumwita ndani.

Kalunde alifariki mwaka wa tisini na moja. Baada ya mazishi, waombolezaji walipokwisha kuondoka, Muthama alimwambia Jonah kwamba Matinyani kuna nyumba, kuna Nzilani, na kwamba mtu hawezi kukaa peke yake namna hii. Jonah alimsikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba huku anajua kila jiwe, na kwamba, mzee asione vibaya, hataki kula kila siku mkononi mwake.

Muthama akapanda juu ya paa, akarekebisha bati la jiko lililokuwa limeinuliwa na upepo, akashuka, akaaga. Alipofika nyumbani Nzilani alimuuliza Jonah amesemaje. Akamwambia amekataa. Nzilani akapakua, wakala wote wawili, kisha akaondoa sahani akaenda kuziosha.