Unga wa Donka Juu ya Ngano ya Marehemu

Wifi yangu Donka alianza kunyanyua vyuma akiwa tayari na wajukuu. Alikuwa ameteleza kwenye barafu mbele ya kiwanda cha soksi alikofanya kazi, akavunjika mkono, na daktari akamshauri atafute mazoezi ya uzito. Wanawake wengine wa mji wetu wa Gabrovo wangenunua kijipira cha kuminya. Yeye alishuka kwenye ukumbi wa vyuma chini ya uwanja wa michezo, akamwomba mwalimu amfundishe tangu mwanzo. Vijana wa pale walimcheka wiki ya kwanza, kisha wakaanza kumwachia zamu.

Mwalimu ndiye aliyemwonyesha kreatini, unga mweupe usio na ladha. Donka alikoroga kijiko cha chai kwenye glasi ya maji kila asubuhi. Nilisoma habari zake kabla ya kusema neno. Mwili huitengeneza wenyewe, nyama na samaki wanayo, na misuli huitumia inapotaka nguvu za ghafla. Haikatazwi hata mashindanoni. Lakini mtaa hausomi. Jirani yetu Bibi Stoyna aliona mabega ya Donka yakipanuka, akaeneza habari kwamba anatumia madawa. Ukoo wetu wa Kolev umetoa walimu kama mimi na wahandisi kama mume wangu. Nilimwambia Donka aweke unga wake mahali wageni wasipouona. Akaumimina kwenye chupa ya kioo, akaiingiza kwenye kabati letu, kando ya chupa ya sukari ya unga.

Mume wangu Boyan, kaka yake Donka, alipotimiza mwaka kaburini, ilikuwa Kwaresima, wakati tusipokula nyama. Nilichemsha ngano ya marehemu, ile tamu inayogawiwa makaburini ili watu wamwombee aliyekufa, nikaichanganya na jozi zilizotwangwa. Donka aliomba ainyunyizie sukari yeye, kwa kuwa ni ya kaka yake. Akaifunika yote nyeupe, akachora msalaba kwa peremende.

Makaburini, kasisi alipomaliza sala, tuligawa ngano kwenye vikombe vya karatasi. Kila aliyepokea alisema, "Mungu amsamehe," akatia kijiko kinywani. Halafu taya zikapunguza mwendo.

"Ehe," alisema Mzee Gatyo, fundi viatu. "Watu wa Gabrovo tunasemwa eti tunakata paka mkia ili mlango ufungwe upesi, baridi isiingie. Lakini kumnyima marehemu sukari! Hilo hata mimi sijathubutu."

Watu walicheka chini chini.

"Na ile pensheni ya uhandisi, jamani," aliongeza Bibi Stoyna.

Nilionja. Ilikuwa kama mchanga laini, utamu hakuna. Nilimtazama Donka, nikajua naye amejua.

"Wifi, nyamaza," nilimnong'oneza. "Uchoyo hapa ni mzaha tu. Ukiutaja unga ule, jina letu limekwisha."

"Wanamsema Boyan, wifi. Boyan alimnyima nani sukari?"

"Donka!"

Aliweka sinia juu ya ukingo wa kaburi. "Jamani, sukari iko nyumbani. Nimekosea chupa. Mnachokula ni kreatini yangu, yale yale madawa ya Bibi Stoyna."

Bibi Stoyna alichungulia kikombe chake, kilichokuwa kitupu. "Yaani nimekula?"

"Umekula, na ukaomba nyongeza."

"Mama yangu! Na moyo wangu huu!"

"Kijiko kimoja hakikudhuru, bibi. Mimi naila kila siku, na nipo."

Watu wote walimgeukia kasisi, ambaye kijiko chake kilikuwa kimesimama hewani.

"Mwanangu," aliuliza, "kitu hiki kinatokana na nyama?"

"Hapana, Baba. Kwenye nyama kimo, lakini hiki kimetengenezwa kiwandani. Hakuna mnyama ndani yake."

Kasisi alifikiri. "Basi hakivunji mfungo," alisema, akamaliza kikombe chake. "Mungu amsamehe Boyan."

"Amsamehe," waliitikia.

Mzee Gatyo alinyoosha kikombe. "Niongezee, Donka. Nina kuni za kupasua."

Bibi Stoyna hakuomba tena, lakini hakuweza kuita madawa kitu alichokimeza mbele ya kasisi. Siku hizi akitaka kabati lisogezwe, humwita Donka.

Niliporudi nyumbani niliandika neno "Kreatini" kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikaibandika kwenye chupa. Kisha nikaisogeza chupa mbele ndani ya kabati, nyuma ya mlango wa kioo, mahali wageni wataiona.