Mdogo wangu alikaa kwenye kiti changu siku ya mahari, nikawaangalia kwenye simu

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu litokee, leo nalitapika hapa. Sitatia chumvi. Hata pale ninapoonekana mjinga nitapaacha hivyo hivyo. Kiswahili changu ni cha Kolwezi, mnivumilie.

Niko China, mji wa Changsha, nasomea madini. Kazi yangu kila siku ni kusaga mawe na kuyakoroga kwenye asidi mpaka shaba itoke. Yaani nimepanda ndege kuja kusomea mawe ambayo kwetu watoto wanafukuzia mbwa.

Nyumbani nina mchumba, Nadège. Anauza kwenye duka la dawa. Kwao ni Kapata, kwenye zile nyumba za safu za wafanyakazi wa zamani wa mgodi.

Baba yake alikuwa amechoka kusubiri. Alisema mtu hawezi kuchumbia binti yake halafu ahamie Asia, aache nyumba inanong'onwa. Na mahari ilikuwa tayari: mbuzi, vitenge, suti ya mzee, blanketi la mama. Kilichokosekana ni mimi tu. Masomo hayajaisha, na nikitoka kabla ya wakati sina uhakika kama visa itanirudisha.

Kwetu hilo lina dawa. Mwenye kuoa akiwa mbali, mdogo wake anakaa kwenye kiti chake. Anavaa vizuri, anakaa pembeni ya binti, anapokea kinywaji kutoka mkononi mwake, na mke anakuwa wa yule aliye mbali. Wengi wameoa hivyo na wana watoto wakubwa sasa.

Mdogo wangu anaitwa Dieumerci. Anaendesha lori la mawe. Na mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba akakae. Chekeni tu.

Niwaeleze na hili kwa wasio wa kwetu. Mdogo ana ruhusa ya kumtania mke wa kaka yake. Anamwita "bibi yangu", yaani mke wangu, anamdai chakula, anamwambia aachane na yule mzee amfuate yeye. Watu wanacheka, yanaisha. Nilipokuwa Kolwezi nilikuwa nacheka na mimi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi.

Niliamka mapema nikapiga pasi shati, sijui kwa ajili ya nani. Nikaenda canteen, nikachukua uji na ile mikate yao ya mvuke. Meza ya mbele kulikuwa na kijana na mpenzi wake wanalishana kwa vijiti. Nikahamia meza nyingine. Huko nako kulikuwa na wengine.

Kwenye metro nikafungua WhatsApp. Dieumerci ameweka status tangu jana jioni, amesimama mlangoni kwetu anajaribu suti. Suti yangu, wakuu. Niliiacha kwenye kabati la Mama, ya bluu, niliivaa siku ya diploma. Mimi ilikuwa inanining'inia. Yeye imemkaa kama alipimiwa, maana usukani wa lori unajenga mabega. Nadège naye alikuwa ameirusha picha ile kwenye status yake, na moto tatu. Emoji za moto. Nikakaa nazo kituo hadi kituo.

Profesa wangu alitaka majibu ya sampuli, na asidi ikishaanza kukorogwa huwezi kuiacha peke yake. Kwa hiyo ndoa yangu niliihudhuria nikiwa lab, nimevaa koti jeupe na miwani ya plastiki, simu nimeiegemeza kwenye chupa. Kwetu ilikuwa asubuhi, huku ni mchana umeshapita.

Mama ndiye alishika simu upande wa pili, uani kwa kina Nadège. Nusu saa ya kwanza niliona dari na viatu vya watu. Baadaye akaiegemeza kwenye kreti ya soda, ikatazama viti viwili vilivyopambwa. Hapo nikatamani angeiacha kwenye viatu.

Nadège alikuwa mzuri mpaka nikasikia vibaya. Na pembeni yake Dieumerci anamnong'oneza, naye anaziba mdomo anacheka. Anampiga kwenye bega. Joto likamzidi, Dieumerci akatoa leso akampangusa paji la uso, polepole, asiharibu poda. Mdogo wangu ninamjua, hajawahi kufanya kitu chochote polepole.

Mchina mmoja tunayefanya naye kazi, Li, akainama kutazama. Akauliza ni sherehe gani. Nikamwambia ni harusi yangu. Akauliza wewe uko wapi. Nikamwonyesha Dieumerci, nikasema huyu ndiye mimi.

Akatazama tena. Akasema kwenye simu natokea vizuri zaidi.

Nikamwandikia Dieumerci ujumbe: "Sogeza kiti." Niliona anausoma. Akatabasamu, akarudisha simu mfukoni. Mfuko wa suti yangu.

Ikafika saa ya kuuliza. Kwetu baba anamuuliza binti mara tatu mbele ya wote. Akikubali mara ya tatu, anapiga magoti na kumpa mwanaume gilasi, mwanaume akinywa imeisha, huyo ni mke.

Mzee akasimama. "Nadège, mutoto yangu, ii mali tupokee?"

"Mupokee, papa."

Mara ya pili vilevile. Mama zake wakapiga vigelegele. Akapewa gilasi kabisa, akaishika kwa mikono miwili akingoja swali la tatu, akamgeukia mdogo wangu. Nikaona Dieumerci amelamba midomo.

Wakuu, sijui nini kilinipanda. Nilipiga kelele lab nzima ikageuka.

"Mama, asimupe! Dieumerci asikunywe ile gilasi. Baiweke mbele ya telefone."

Sikujua Mama alikuwa ameweka sauti mpaka mwisho. Ua lote lilisikia.

Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu, akainua simu akanitazama. "Telefone iko na kinywa?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikasema, "Basi mutu mwingine akae pale."

Hilo ndilo kosa. Kwetu unaweza kumchagua umtakaye kabla ya siku. Lakini akishakaa hatolewi. Ukimtoa umetamka mambo mawili mbele ya koo mbili, kwamba mdogo wako ni mwizi na binti wa watu si mwaminifu. Kila mtu mzima pale alijua nimesema nini.

Baba wa Nadège akauliza taratibu, "Mutu mwingine nani?"

Dieumerci alikuwa anatazama chini. Nadège akaweka gilasi mezani. Baba yake akamuuliza mara ya tatu, sauti imeshuka, "Tupokee?"

"Papa, hapana. Bado."

Nadège akaja mwenyewe kwenye simu. Tangu asubuhi ndiyo mara ya kwanza nauona uso wake karibu.

"Uliona nini?"

"Unacheka naye sana."

"Nacheka juu niko na woga. Bantu bote banaangalia mi. Dieumerci njo eko ananitia moyo. Ungekuwa hapa, ningecheka na we."

Nikataka kusema kitu, akanizuia.

"Kuya weye mwenyewe. Sitaki tena mutu wa kukukalia." Yaani nije mwenyewe.

Akampa Mama simu. Mama akaiweka kifuani nikaona kitenge cheusi tu, nikasikia mbuzi wanapandishwa tena kwenye gari. Li alikuwa ameniangalizia sampuli muda wote. Akaniuliza kama nimeshaoa. Nikamwambia bado.

Najua mnangoja niseme najuta. Najuta kwa Mama, aibu ile hakustahili. Kwa Dieumerci bado sijafika huko. Nikifumba macho naona leso.

Na tangu siku ile wivu umekuwa mkubwa kuliko kwanza, kwa sababu zamani ulikuwa wa bure. Nadège ananijibu, lakini kwa ufupi na adabu nyingi, kama anavyojibu wateja. Duka lake liko kwenye barabara anayopita Dieumerci. Mama anasema mvua ikinyesha huwa anamfikisha Kapata. Nilipouliza kwa nini, Mama akasema, "Unataka aloane?"

Kinachoninyima usingizi ni kitu kidogo kuliko hicho. Zamani Dieumerci alikuwa ananitumia voice na kuniita yaya, yaani kaka mkubwa: "Yaya, nilimuona bibi yangu leo, alininyima chakula." Sasa anasema, "Nilimuona Nadège." Jina tu. Utani ule ulikuwa wa shemeji, na mahari imerudi, hakuna shemeji tena. Kuna binti asiye na mume, na kijana mwenye kazi ambaye yupo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, nilidhani wanazungumzia mirathi.

Funzo ninalo moja. Ukimpa mtu kiti chako, mwache akikalie mpaka shughuli iishe. Wivu umeze na maji, utakuumiza tumbo wewe peke yako.

Juzi Dieumerci aliniandikia. Hakutuma voice, aliandika:

"Yaya, utakuya ao hautakuya? Niambie tu, niyue."

Nimeisoma mara nyingi sana. Sijamuuliza anataka kujua ili iweje, naogopa atanijibu.

Nyinyi wenye wadogo wa kiume, mngemwandikia nini? Semeni wazi, matusi pia napokea.