Jiwe la Kwao Mama

Mimi nilikuwa mpiga picha wa watu. Pale sokoni Bariadi nilikuwa na kitambaa cha bluu nyuma, kiti kimoja, na kitana cha wateja waliosahau kuchana nywele. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mikanda ya rangi imejaa madukani, na kila aliyeuza pamba alitaka picha. Nilijua kumwambia mtu ainue kidevu. Kupiga picha ya jiwe sikujua, na wala sikutaka kujua.

Lakini mama alitaka jiwe.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Bariadi kwa wiki moja tu, halafu basi, hadi mwaka mwingine. Nilishamwandikisha jina. Zimebaki siku kumi, akaniambia hapasuliwi mtu.

"Wakikosea je?" alisema. "Nikipofuka moja kwa moja, kitu cha mwisho nilichokiona kiwe nini? Huu ukuta wako? Kaniletee picha ya jiwe la kwetu nilione kwanza, halafu wanipasue wanavyotaka."

"Mayu, mama yangu, hata hiyo picha hutaiona."

"Nitaiona. Nikikaa mlangoni kwenye mwanga naona vizuri tu. Wewe baba unapenda kunizeesha."

Kwao ni kisiwani, kisiwa cha mawe matupu ziwani, mbele ya Lamadi. Aliolewa akaja huku kwenye ng'ombe na pamba, na tangu hapo maji mengi aliyoyaona ni ya lambo la kunyweshea mifugo. Jiwe lenyewe ni kubwa kuliko nyumba, limekaa juu ya jingine na katikati lina ufa. Chini yake wasichana walikuwa wanajificha mvua na kuchoma viazi. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utoto hadi ikanichosha. Siku hiyo nilipandwa na hasira, nikatupa kitana chini, nikasema siendi. Kesho yake nikatuma habari kisiwani, na zilipobaki siku tatu nikaenda.

Lamadi nilipanda mtumbwi wa wanunuzi wa sangara, wakaniambia wanarudi mchana huohuo, nikichelewa wataniacha. Kule kisiwani alikuwa amebaki mama mdogo, yaani mdogo wake mama, naye tulishampelekea habari kwamba nakuja na kamera. Nilimkuta amevaa koti jipya la mitumba na viatu vya harusini, amejipaka mafuta uso unang'aa.

"Nisimame wapi?" akauliza.

"Mama mdogo, sikuja kukupiga wewe. Nimekuja kupiga jiwe."

"Ala! Umevuka ziwa kuja kupiga jiwe, na mimi mtu mzima nimeoga?"

Tukapanda mawe, yeye akinuna na viatu vyake, mimi na kamera ndani ya shati. Ile kufika tu mbele ya jiwe, mvua ikatukuta. Haikuwa manyunyu. Ilikuwa mvua ya ziwani, ile inayoshuka imelala kwa upepo, na mtu wa hatua kumi humwoni. Kwenye mkanda nilikuwa nimebakiwa na picha sita, nyingine zote nilizimaliza kwenye harusi. Mama mdogo akanishikia mwavuli juu ya kamera, huku akininung'unikia sikioni.

Jamani, nilipata tabu. Mtu namwambia sogea kushoto, sasa jiwe utaliambia nini? Linaonekana, linapotea. Kioo cha kamera kinaingia ukungu, nakifuta kwa shati, na shati lenyewe limelowa. Nikapiga moja, mbili, mpaka tano. Ya sita nilisubiri hadi jiwe likaanza kujitokeza kidogo, mara upepo ukaunyakua mwavuli. Mama mdogo akavua viatu akaukimbilia, akapita mbele ya kamera pale pale nilipobonyeza.

Nilimfokea. Mama yangu mdogo, nilimfokea mvuani, hadi leo naona aibu. Yeye alicheka tu. Alipoushika mwavuli wake akarudi, akaniuliza taratibu, "Dada haoni kabisa, eh?"

"Anaona kidogo," nikamjibu.

"Mh," akasema.

Nikapitiliza hadi Mwanza kusafisha picha. Miaka ile ilikuwa tayari unapeleka asubuhi, unachukua jioni. Tano zilitoka kijivu tupu. Ya sita ndiyo ilikuwa na kitu: michirizi ya mvua kila mahali, jiwe likiwa kivuli tu kwa nyuma, na mama mdogo pekupeku anakimbiza mwavuli. Nilikaa kwenye ngazi za duka machozi yakanitoka. Siku ya madaktari ilikuwa keshokutwa, na kurudi kisiwani haikuwezekana.

Nyumbani nilimweka mama mlangoni, kwenye mwanga, nikamkabidhi ile ya sita.

"Limetoka vizuri, mayu," nikadanganya. "Jua kali, jiwe lote linaonekana."

Akaisogeza karibu na uso. "Loo! Kweli jua limewaka. Na ule ufa, huu hapa. Na hapa ndipo tulipokuwa tunachoma viazi."

Picha alikuwa ameishika juu chini.

Kidole chake kilikuwa kinatembea kwenye mvua tupu, kinanionyesha ufa. Roho iliniuma vibaya. Nimekaa naye nyumba moja, namwekea chai, nabishana naye kila siku, na wala sikujua kwamba mama yangu haoni kitu. Nilitaka kuigeuza ile picha, mkono ukakataa.

"Ndiyo, mayu," nikasema. "Ndiyo huo ufa."

Akaifunga kwenye pindo la kanga. "Haya. Sasa wanipasue."

Walianza na jicho la kulia. Siku ya kufungua bandeji nilikuwa nimekaa kitandani kwake. Alinitazama, akanitazama, akasema, "Kumbe una mvi, baba." Kisha akafungua pindo la kanga akatoa picha. Akaigeuza mwenyewe, akaiweka sawa.

Nikajua leo nimekwisha.

"Mwongo wewe," akasema. "Jua liko wapi?"

"Na wewe ufa uliuona wapi?"

Tukacheka hadi nesi akaja kutunyamazisha. Mama akaniuliza mdogo wake anakimbilia nini, nikamwambia mwavuli, tukaanza tena kucheka. Halafu nikamwambia nisamehe mayu, ukipona nitarudi kule siku ya jua, nilipige jiwe vizuri. Nikanyoosha mkono nichukue ile picha.

Hakunipa. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ile michirizi, mmoja mmoja, kutoka juu hadi chini.

"Mvua nilikuwa naisikia tu kwenye bati," akasema. "Mwaka wa tatu huu. Kumbe bado inashuka imelala."