Mama Leah na Mistari ya Ufagio

Siku ile siwezi kuisahau, mwanangu, ingawa siku hizi natafuta miwani nikiwa nimeivaa. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwinjilisti mpya kutoka chuo cha Biblia, viatu vinang'aa, kichwa kimevimba. Nilisimama nje ya kiwanda cha kukamulia alizeti hapa Singida mjini, nikiwafundisha uongozi watu wasio na makazi.

Walikuwa kama kumi na watano. Walilala kwenye varanda za maduka, na walikula kwa kufagia punje za alizeti zinazomwagika malori yanaposhusha magunia, wakazipepeta na kuziuza. Usharika wetu ulikubali kumsomesha mmoja wao awe mwinjilisti wa wenzake. Mmoja tu, na wazee wa kanisa walinionya kwamba akishindwa huyo, hakutakuwa na wa pili. Jina nilitakiwa kulipeleka Jumapili.

Mimi jina nilikuwa nalo tayari. Daudi alikuwa amemaliza kidato cha nne, aliomba kwa sauti nzito, na kila nilichosema alikiitikia amina kabla sijamaliza. Nani asingempenda? Aliyenikera alikuwa Mama Leah, mjane aliyefukuzwa na shemeji zake kule Ihanja mume wake alipofariki. Hakujua kusoma, na lori likipiga honi tu, anainuka katikati ya somo langu, anaondoka. Somo langu, mwanangu, nililoliandika kwa wino wa rangi tatu!

Siku hiyo honi ilipolia akainuka, nikamkatiza mbele ya wote. "Mama, kiongozi hatokitoki darasani. Kaa chini."

"Nisamehe, mwalimu," akasema, akakaa.

Wenzake, waliozoea kumfuata, wakaenda kufagia bila yeye. Haikupita hata robo saa, vurugu. Wenye nguvu walikimbilia mlangoni penye punje nyingi, bibi mmoja akasukumwa akaanguka, ungo wake ukakanyagwa. Mlinzi wa kiwanda akatoka na rungu. "Leo ndiyo mwisho! Sitaki kumwona hata mmoja wenu hapa tena!" Niliogopa kweli, maana hawakuwa na mahali pengine pa kupata chakula. Daudi akapanda juu ya gunia, akaanza kuhubiri upendo. Hakuna aliyemsikia, hata mimi sikumsikia.

Nikageuka. Mama Leah alikuwa bado amekaa palepale nilipomkalisha, machozi yanamlengalenga, ananitazama. Alikuwa anangoja ruhusa yangu.

"Nenda, mama," nikasema. "Nenda upesi."

Alikwenda, wala hakupiga kelele. Alimwinua yule bibi kwanza, akamkung'uta vumbi. Kisha akageuza ufagio, akachora mistari ardhini kwa mpini. "Wazee mlangoni. Wenye watoto, hapa. Wewe Daudi una nguvu, nenda kule nyuma." Na Daudi akashuka kwenye gunia, akaenda nyuma! Mlinzi akashusha rungu. "Huyu mama leo alikuwa wapi?" akauliza. Ndipo nilipoelewa kwamba kila alipotoka darasani kwangu, alikuwa anakwenda kuchora mistari ile.

Mzee Elia, mmoja wa wazee wa kanisa, alikuwa ameleta alizeti yake kukamuliwa, naye aliona yote. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo.

"Marahaba, binti yangu," akasema. "Ulitumwa kutafuta kiongozi. Umemkuta anaongoza, ukamkalisha chini."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumapili nilipeleka jina la Mama Leah. Wazee wa kanisa wakanijia juu: hasomi, hana nyumba, akitoweka tutampata wapi? Nilitaka kumtetea kwa maneno ya chuoni, nikayaacha. Basi nikawasimulia kosa langu lote, bila kujisitiri. Mzee Elia akasema, "Ni kweli. Nilikuwepo." Wakamkubali.

Mwanangu, mama yule alijifunza kusoma akiwa na mvi! Siku ya kumwingiza kazini kanisa lilijaa. Kabla ya ibada akaingia, akakuta watu wa varanda wamejibana mlangoni na wageni wamekaa mbele. Hakuogopa mtu. Akawapanga upya, wazee wa varanda mbele kabisa. Akanifikia na mimi, nimejikalia zangu kwenye kiti cha kwanza.

"Mwalimu, wewe una nguvu. Nenda nyuma."

Nikaenda nyuma nikipiga vigelegele, na kanisa zima likaitikia. Nilifurahi mpaka nikalia.

Leo kule Mwankoko watu wale wa varanda wana kanisa lao la matofali, wamelijenga wenyewe, na wainjilisti waliotoka kwenye varanda zile ni wengi hata majina yao yananichanganya. Daudi ndiye katibu wao. Bado anaomba kwa sauti nzito.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukitumwa kwa watu waliotupwa, usidhani unawapelekea uongozi ndani ya mkoba wako. Mungu amefika kabla yako. Kaa nao kwanza, tazama ni nani anayemwinua aliyeanguka, halafu huyo mpe Biblia, mpe kalamu, mpe nafasi. Na siku atakapokuambia uende nyuma, nenda ukishangilia.

Mungu akupe macho ya kumwona mapema kuliko nilivyomwona mimi. Akulinde njiani, akujalie watu wa kukuambia ukweli, na viatu vyako vichakae kwa kazi yake. Amina.